Usingoje Nilazwe Ndio Uniletee Machungwa

Niwaulize kitu, na mnijibu ukweli. Mara ya mwisho ulinunua matunda mengi kwa mpigo, yaani kilo mbili za machungwa, ndizi, na paipai zima juu yake, ulikuwa unaenda wapi?

Wacha nikisie. Ulikuwa unaenda hospitali kuona mgonjwa.

Si ndio? Mtu akiwa mzima tunamnunulia chipo na soda. Akilazwa, kila shangazi anafika na mfuko wa machungwa. Kameza ka kando ya kitanda kanajaa hadi kanakaa kibanda, na mgonjwa mwenyewe saa hiyo hata uji unamshinda. Wanaokula hayo machungwa ni wageni.

Nimefikiria hii maneno sana tangu mathe aanze kwenda kliniki ya presha. Leo nataka kuiongea bila kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi mwenyewe nikiwemo.

Siku ile ya kwanza alipewa dawa, akapewa na karatasi ya rangi. Imeandikwa kwa herufi kubwa: ale matunda kila siku. Chini kuna picha. Stroberi, zabibu, tufaha la kijani, na kitu kingine kama yai lenye manyoya. Tukiwa kwa matatu tukirudi, mathe akaishika ile karatasi karibu na macho, akaniuliza, "Hii ya manyoya ni nini?"

Nikamwambia ni kiwi.

"Inauzwa wapi?"

Nikanyamaza. Maisha yangu yote sijawahi ona mtu akiuza kiwi kwa steji yetu.

Wiki hiyo hiyo susu, mamake mathe, akapiga simu kutoka Makueni. Ilikuwa Februari, msimu wa maembe. Broka amepita, ametaka embe moja kwa bob 3, amechagua yale makubwa tu, mengine ameyaacha. Yaliyobaki yameiva yote mara moja. Akasema chini ya miti kunanuka kama pombe, nzi ni wengi, na asubuhi hiyo alikuwa amechimba shimo kuyazika. Siku hiyo, kwa steji yetu, embe moja lilikuwa bob 40.

Nataka uishike hiyo picha. Huku mathe anaambiwa atafute kiwi. Kule mamake mathe anazika maembe kwa jembe.

Kwa hivyo mtu akinijia na bango la "vijana kuleni matunda", naskia hasira. Sisemi uongo. Naskia hasira kwa sababu hilo bango linajifanya shida ni masikio yetu. Kwamba hatujaambiwa. Kwamba tukiambiwa mara ya 1000 tutaelewa. Wasee, tumeambiwa tangu nasari! Tuliimba! Tulichora nanasi kwa kalamu za rangi tukapewa tiki. Hakuna kijana Kenya hii asiyejua matunda ni mazuri. Shida ni ile safari kati ya mti wa susu na mkono wa mathe, na hapo ndipo hakuna mtu anabandika bango.

Hebu tuangalie namba kidogo, msitoroke. Shirika la Afya Duniani linasema mtu ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, yaani kama mafungu 5. Mwaka wa 2015 Kenya ilifanya uchunguzi wa kitaifa kwa watu wa miaka 18 hadi 69. Waliokosa kufikisha hayo mafungu 5 walikuwa asilimia 94.

94! Wakikaa watu 100 kwa ukumbi, ni 6 tu wamefikisha. Sasa darasa likifanya mtihani na wanafunzi 94 kati ya 100 wafeli, utasema wote ni wavivu? Mwalimu yeyote mwenye akili atauliza vitabu vilikuwa wapi.

Kuna nchi mbili zilijaribu njia mbili tofauti, na nataka uzilinganishe.

Marekani walishika njia ya kuambia watu. Kampeni ya kula matunda na mboga mara 5 kwa siku ilianzia California mwishoni mwa miaka ya 1980, na 1991 ikawa ya nchi nzima. Nembo, matangazo, kila kitu. Wako na pesa na wako na televisheni. Takwimu zao za 2019 zikasema wanaokula matunda ya kutosha ni kama watu wazima 12 tu kati ya 100.

Norwei nao walishika njia ya kupea watu. Kuanzia 2007 hadi 2014, sheria ilitaka shule za sekondari ya chini zimpe kila mwanafunzi tunda au mboga bure, kila siku ya shule. Hakuna hotuba. Ni tunda, liko hapo, chukua. Watafiti waliowafuatilia hao watoto wakaona wanakula matunda zaidi kuliko kabla.

Najua mtu ashaanza kuandika komenti, "Buda, Norwei wako na mafuta, sisi tuko na madeni." Sawa. Lakini Norwei ni baridi, ndizi na machungwa wananunua nje. Sisi mapera yanaanguka kwa barabara yanakanyagwa na ng'ombe. Nani kati yetu ana kazi rahisi?

Na msidhani hatuna wataalamu. Hii ndiyo sehemu inaniuma zaidi, kwa sababu utafiti upo, na mwingi unafanyiwa hapa hapa.

Kuna taasisi ya wadudu iko Kasarani, inaitwa icipe. Ilianzishwa 1970 na Mkenya, Profesa Thomas Odhiambo. Wengi wenu mmepita hapo mkienda uwanjani na hamjawahi jiuliza ndani kuna nini. Sasa skia. Kuna inzi wa matunda alitoka Asia, akaonekana Kenya mara ya kwanza 2003. Jike anatoboa ganda la embe na kutaga mayai ndani. Nje embe linakaa poa. Ndani ni funza. Yule inzi ndiye ameharibu maembe ya susu miaka yote hii.

Watu wa icipe walimsoma huyo inzi hadi tabia zake. Kuna mtego wenye harufu inayovuta madume. Kuna chambo cha protini kinachovuta majike wakiwa na njaa. Kuna nyigu mdogo sana anayetaga yai lake ndani ya yai la inzi, na huyo inzi anakufa kabla ya kukomaa. Kuna na hema: unatupa maembe yaliyooza ndani, inzi wakianguliwa hawawezi kutoka, lakini wale nyigu wadogo wanapita kwa matundu ya wavu na kurudi shambani kuendelea na kazi. Hiyo ni akili ya hali ya juu, na iko Kasarani, sio kwa sinema.

Sasa niulize, hiyo kazi yote tunaisikia lini kwa habari? Tunaisikia kukiwa na stori ya kuuza nje. Mwaka wa 2014 Kenya yenyewe iliacha kupeleka maembe Ulaya kwa sababu ya huyo inzi, na 2021 ikaanza tena. Ilikuwa habari kubwa. Parachichi, ama ovakado kama tunavyoita, mwaka wa 2022 zilianza kwenda China zikiwa freshi, viongozi wakapiga picha na makontena. Poa sana, mkulima apate doo. Sina shida na hiyo hata kidogo.

Shida yangu ni kipimo. Embe la Ulaya likikutwa na funza, nchi nzima inakaa kikao. Mathe akikuta funza kwa embe la bob 40, anatupa, anasonya, na kesho ananunua mandazi. Hakuna kikao. Funza ni yule yule! Lakini mlaji wa Ulaya anahesabiwa kuwa soko, na mathe anahesabiwa kuwa mtu wa kuelimishwa.

Kuna kitu kingine. Gigiri kuna watafiti wa miti, zamani tuliwajua kama ICRAF. Walifanya kitu rahisi hadi unashangaa mbona hatukukifanya wenyewe. Wanaenda kwa wakulima, wanauliza: uko na miti gani ya matunda, na kila mmoja unaiva mwezi gani? Wanachora kalenda ya miezi 12. Mara moja unaona. Januari na Februari kuna maembe hadi yanaoza, halafu kuna miezi mingine boma halina tunda hata moja. Wanasema basi, hapa kwa pengo panda paipai, hapa pera, hapa mti wa kienyeji unaovumilia ukame. Wanachagua miti ili familia ipate tunda mwaka mzima, na vitamini A na C zisikatike.

Hiyo kalenda ndiyo dawa ya susu. Susu hana shida ya kukosa matunda, shida yake ni kupata yote kwa wiki 6. Na hiyo hiyo kalenda ingekuwa dawa ya shule, kwa sababu shule nyingi ziko na shamba, ziko na maji ya kuosha vyombo yanamwagwa, na ziko na vijana 1000 wa kuchimba mashimo. Mimi nilisoma bodi miaka 4. Tulikuwa tunaona tunda mara moja kwa wiki. Ndizi moja, ndogo, na kuna watu walikuwa wanaibadilisha na kipande cha mkate. Kwa uwanja wa hiyo shule kulikuwa na miti mingi, yote ya kivuli. Hakuna hata mmoja wa kuliwa, isipokuwa mpera mmoja nyuma ya vyoo, na ukipatikana juu yake ni viboko. Shule ilifundisha umuhimu wa vitamini C kwa ubao, na ikamchapa aliyeenda kuitafuta.

Sasa tuongee kuhusu jiji, kwa sababu wengi wenu mnaosoma hii hamna susu wala shamba, mko na steji.

Steji yetu ilikuwa na mama matunda. Alikuwa na mkokoteni, glasi juu, kisu, na ndoo ya maji. Kipande cha nanasi bob 10, tikiti bob 10, paipai bob 20. Ile kontena ndogo ya mchanganyiko bob 50. Alikuwa akiniona ananiita "kijana yangu", ananiongeza kipande. Siku moja asubuhi lori likaja. Walioshuka sitawataja, mnawajua. Jamaa wa smocha walitoroka, hao wamezoea kukimbia na troli. Mama ni mtu mzima, hawezi kukimbia. Paipai zikaanguka kwa lami, tikiti likapasuka, mkokoteni ukapandishwa kwa lori.

Alikaa wiki 2 bila kuonekana. Akarudi. Unajua alirudi akiuza nini? Krisps na njugu, kwa karai.

Nikamuuliza, "Mama, matunda je?"

Akaniambia, "Kijana yangu, krisps wakichukua leo, nyingine ziko nyumbani, hazijaoza. Paipai nikilipata asubuhi ni lazima liishe jioni. Siku moja kama ile imenimaliza mtaji."

Mnaona hiyo hesabu? Hakuna kampeni ya afya inaeza shinda hiyo hesabu. Muuzaji wa matunda ndiye anabeba hatari kubwa kuliko wote kwa steji, kwa sababu mali yake inakufa kila jioni. Na ndiye mtu wa mwisho kwa ile safari ya kutoka kwa mti wa susu. Ukimfukuza yeye, umekata daraja. Halafu kesho yake unabandika bango ukutani, pale pale alipokuwa anasimama, ukituambia tule matunda. Kwani tule bango?

Na suluhisho si mambo ya roketi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi wamewahi kuwaonyesha wakulima wa maembe jinsi ya kujenga friji ya matofali. Haitumii stima. Ni kuta mbili za matofali, katikati mchanga, unamwagia maji mchanga, maji yakikauka yanabeba joto na ndani kunakuwa baridi. Embe linakaa siku zaidi. Sasa mbona hiyo friji imeishia shambani? Mbona hakuna moja kwa kila soko na kila steji kubwa, mama matunda akifunga jioni anaweka paipai zake humo na kulala na amani?

Okei. Nimepiga serikali, nimepiga shule. Sasa wacha nijipige mimi na nyinyi, maana kidole kikinyooka hivi, vingine vimenirudia.

Mimi nimeposti video za chakula kwa miaka 3. Smocha, mutura, chipo mwitu, nyama ya usiku. Ile ya smocha 10 kwa dakika 5 ndiyo iliniletea wafuasi wengi kuliko zote. Tunda nimeliposti mara moja tu, na ilikuwa tikiti limewekwa kwa glasi na barafu, nikijifanya niko ufuoni. Kwa hivyo mimi pia ni bango, tena bango baya.

Mwezi uliopita nilijaribu kitu. Niliandika kila kitu nilichokula nje ya nyumbani kwa siku 7. Nilitumia bob 610. Matunda yalikuwa bob 20, ndizi mbili, na moja nilimpea konda. Bando la intaneti ilikuwa pembeni, sikuihesabu, sitaki kulia.

Kwa hivyo ukiniambia, "Kijana ana bob 50 ya bando na hana bob 10 ya ndizi?" umenipata. Hiyo ni ukweli. Siwezi sema kila kitu ni serikali. Lakini tafadhali sikiliza upande wa pili. Nikishuka kwa steji saa 12 jioni, njaa iko juu, kuna watu 5 wa smocha, mmoja wa mayai, 2 wa mahindi choma, na wa matunda hayuko tena. Mkono unaenda kwa kitu kilicho karibu. Hata wako ungeenda.

Na kuna mwingine atasema matunda hayashibishi. Huyo simbishii. Kama uko na bob 60 pekee ya lunch na umeshinda mjengo ukibeba simiti, sitakuja kukuambia ununue kikombe cha nanasi. Hiyo ni dharau. Tunda si badala ya chakula, ni rafiki ya chakula. Githeri na ndizi ya bob 10. Ugali, sukuma, na kipande cha paipai. Wale wataalamu wa kutushauri tuache hiki tule kile wangejua bajeti zetu, wangesema ongeza, hawangesema badilisha.

Mwingine atasema yeye hunywa juisi. Boss, soma nyuma ya hiyo paketi. Nyingi ni maji, sukari na rangi. Na hata juisi ya ukweli, Shirika la Afya Duniani linahesabu sukari yake pamoja na zile za kupunguza. Chungwa lile zima, na nyuzi zake, ndilo tunaongea.

Lakini kosa letu kubwa vijana ni aibu. Ndiyo, aibu! Ukipiga picha na tufaha la kutoka Afrika Kusini, wewe ni mtu wa afya. Ukionekana unakula pera, wewe ni mtoto wa darasa la 3. Haya basi, tuulize maabara. Gramu 100 za tufaha zina kama miligramu 5 za vitamini C. Chungwa, kama 50. Pera letu, lile la kwa ua, zaidi ya 200. Mara 40 ya tufaha! Na msimu wake ukifika unapata kikombe kizima kwa bei ya peremende. Tumedharau kitu kwa sababu ni cha bure. Zambarau za Pwani hivyo hivyo, ukwaju hivyo hivyo, ubuyu tunaujua ukiwa peremende nyekundu ya kuchafua ulimi tu. Kuna mradi wa wanasayansi, makao yake ni hapa Nairobi, unasoma vinasaba vya mimea 101 ya chakula ya Afrika iliyosahaulika, na mbuyu ni mmoja wao. Dunia inausoma mbuyu. Sisi tunauona ni mti wa majini.

Narudi kwa mathe, maana yeye ndiye alinianzishia hii hasira.

Baada ya ile simu ya susu, sikutaka kungoja mtu. Nilizunguka ploti yetu, nikaongea na majirani watatu. Tukachanga. Nikamwambia susu, "Usizike tena. Tutumie kreti 4." Tulimlipa bob 7 kwa embe, zaidi ya mara mbili ya broka. Kreti moja ilibeba maembe 60, nauli ya kreti kwa gari ikawa bob 300. Piga hesabu mwenyewe: nauli ni bob 5 kwa embe. Jumla bob 12. Kwa steji ni 40!

Maembe 240 yalifika. 19 yalikuwa yamepondeka, tukayatengeneza juisi siku hiyo hiyo. Watoto wa ploti walikula hadi nguo zikawa njano. Mathe alikula moja kila jioni baada ya chakula, akaacha kuongea kuhusu kiwi. Ile karatasi ya kliniki tuliitumia kufunika ndoo.

Sisemi presha imeisha. Anameza dawa zake na anaenda kliniki, na mtu asiwadanganye kwamba embe ni dawa ya presha. Na sisemi hii ndiyo suluhisho la nchi, kwa sababu si kila mtu ana susu Makueni, na mimi siwezi kuwa soko la kaunti nzima. Pale Kalamba kuna kiwanda cha kaunti cha kusaga maembe, hiyo ni hatua nzuri, ziongezwe. Ninachosema ni hiki: kijana mmoja bila ofisi, kwa simu moja na kreti 4, ameshusha bei ya embe kutoka 40 hadi 12, na mkulima akapata zaidi. Sasa hao wenye ofisi, magari na bajeti ya mabango wanangoja nini?

Kwa hivyo nawaomba hivi, na naomba kwa heshima lakini sicheki.

Nyinyi wa kaunti zote: muuzaji wa matunda aliyesimama na mkokoteni wake msafi asiguswe. Mpeni mahali, kivuli na bomba la maji. Mkitaka ushuru, chukueni, lakini msimwage paipai. Mjenge zile friji za matofali kwa masoko.

Nyinyi wa shule: ng'oeni mti mmoja wa maua, pandeni mitatu ya matunda, mkifuata kalenda ili kila muhula uwe na kitu kimeiva. Na watoto wa shule za umma hapa Nairobi wanaolipa bob 5 kwa sahani ya Dishi na Kaunti, hiyo sahani isikose tunda hata siku moja.

Nyinyi watafiti: kazi yenu ni safi, tunajivunia. Lakini msimalizie kwa geti la shamba na mlango wa ndege. Njooni steji. Mpime na safari ya embe hadi kwa mathe.

Nyinyi wa kuchapisha karatasi za kliniki: toeni kiwi. Wekeni ndizi, pera, paipai, embe, na bei zake.

Na sisi vijana: wiki hii, nunua tunda moja kwa siku kwa mtu wa mkokoteni, la msimu, la bei ya chini kabisa. Kama mko ploti moja na uko na mtu ushago mwenye miti, pigeni simu, changeni, leteni kreti. Kwa upande wangu, kuanzia sasa kila video 4 za chakula nitakazoposti, moja ni ya tunda, na itakuwa tunda letu, lile lenye vumbi la barabara, nikilioshea kwa bomba na kulila nikiwa nimesimama. Wafuasi wakipungua, wapungue.

Halafu kuna ile ahadi nyingine. Mkiskia siku moja nimelazwa, njooni mniombee, njooni mniletee stori za mtaa. Lakini machungwa, tafadhali, nipeeni sasa nikiwa na meno na hamu.